Muhuri wa Naibu wa Chifu

Vienna,
Jumapili jioni.

Kwa dada yangu Peris,

Nakusalimu kutoka huku ambako jua hutoka bila joto, likamulika tu na kwenda zake. Mimi ni mzima wa mwili. Kifua kilichonisumbua wakati wa theluji kimepoa, na kazi ninayo bado. Wewe je? Mgongo umeacha kukuuma? Na mtoto mdogo, ile homa ya kila jioni imemwachilia? Nawaombea nyote hapo nyumbani, hata wale niliokasirika nao.

Nekesa, mwanangu, wewe unayemsomea mama yako, nakusalimu pia. Soma polepole. Mahali nitakapomtaja baba yako usiruke. Na kama yuko hapo sebuleni, ongeza sauti.

Dada, barua yako ilifika Ijumaa. Niliifungua nikiwa bado kwenye ngazi, koti sijavua, na nilipofika pale uliposema trakta imeingia kwenye kishamba chako cha kando ya mto, nikaketi papo hapo. Mwenye nyumba wangu, bibi mmoja asiyevumilia harufu ya vitunguu, alinipita akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na Kijerumani cha kumweleza kwamba waliokufa ni viazi vitamu.

Kile kishamba nakijua kuliko ninavyoujua mji huu. Ulipoolewa ukatoka kwetu Khayega ukaenda Mumias, mimi ndiye niliyeletwa nikusaidie kulea, na pale ndipo uliponifundisha kugeuza mashina ya viazi bila kuyavunja. Mihogo upande wa juu, kunde katikati, mrenda karibu na maji, migomba ikishika mpaka. Wakati huo shemeji Wamukoya alikuwa ameandikisha shamba kubwa tu kwa mkataba wa miwa, na sote tulifurahi, tusijidanganye. Mabati yalikuja kwa miwa. Karo ya Nekesa ilikuja kwa miwa. Lakini baada ya shamba kubwa akaandikisha la nyuma ya jikoni, halafu pale mbuzi walipokuwa wakifungwa, na kila mara alisema hapa ndipo mwisho. Muwa unakaa shambani karibu miaka miwili kabla ya kukatwa. Muda huo wote watu wanakula, na walichokula ni kile kishamba. Ukifika msimu wa malipo, wanaume wanapotea mjini mpaka zirudi suruali zenye mifuko mitupu, na bado watoto wanakula kutoka kile kishamba. Sasa kimekwenda nacho.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mbona karatasi ya akina mama haikusaidia, wakati naibu wa chifu alitangaza kwenye baraza kwamba imesomwa na mataifa, na watu wote wakapiga makofi, na wewe ukapiga? La pili, nikutumie nakala yake uitie kwenye fremu, uitundike karibu na picha ya harusi yenu, kwa sababu jina lako ndilo la kwanza. Nitayajibu yote mawili. Keti vizuri, maana jibu la kwanza ni chungu na siwezi kulitia asali.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe inavyokwenda. Serikali za dunia hukutana hapa kuzungumza habari za haki za wanawake. Wanaosema ukumbini ni serikali. Sisi wa mashirika, tunaojiita watetezi, tunaketi viti vya nyuma na kunong'ona. Ila tumeachiwa mlango mmoja mdogo: shirika lililoandikishwa linaweza kupeleka taarifa ya maandishi kabla mkutano haujaanza. Isiwe ndefu. Isitukane mtu. Isichelewe hata kidogo. Ikikubaliwa, inapewa nambari juu, inatafsiriwa, inatolewa nakala na kupangwa kwenye meza ndefu nje ya ukumbi, kila mjumbe ajichukulie. Tumaini letu ni kwamba mjumbe mmoja aliyechoshwa na hotuba ataisoma, sentensi moja imwingie, aisemee mle ndani, iingie kwenye azimio. Azimio likipita, serikali zinarudi nalo nyumbani, na siku moja lishuke mpaka kwa mtu mwenye trakta kijijini. Ndiyo, njia ni ndefu hivyo. Mimi nalipwa mshahara ili niiamini.

Mwaka jana shirika letu lilitaka kuandika juu ya wanawake na chakula. Mkubwa wangu ni mama wa huku anayeitwa Lotte. Ni mwanamke mwema, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningejua la kumfanya. Lotte alisema amechoka kuandika kwa niaba ya wanawake ambao hajawahi kuwaona. Alitaka wanawake wenyewe waseme. Nikamwambia ninao. Nikakuandikia.

Mkakutana kanisani baada ya ibada, na hata Mama Rukia wa karibu na msikiti akaja, mkasema, Nekesa akaandika kwa penseli. Ile karatasi ya kwanza, dada, nimeisoma mara nyingi kuliko Zaburi. Bado ninayo. Mlisema:

"Sisi tunalimanga. Muwa ni wa bwana, jembe ni letu. Hatukatai muwa, umeleta mabati. Lakini muwa haukaangi mahali pamoja, kila mwaka unasongea mlango. Tunaomba kila nyumba ibakishiwe kipande cha chakula. Na hicho kipande kisiandikwe kwa mkataba mpaka mwanamke wa hiyo nyumba aweke kidole chake."

Ni hayo tu. Hamkumtukana mtu. Hamkuomba kupewa shamba, wala hamkumwomba mtu yeyote awaonee huruma. Nilipoipiga taipu kwa Kiingereza, nilijivuna nikajiona mrefu. Wale wenye digrii hapa ofisini huandika kurasa na kurasa kuhusu "upatikanaji wa rasilimali", na nyinyi mmetoka ibadani na njaa zenu mkasema jambo lote kabla ya sadaka kuhesabiwa.

Lotte aliipenda. Lakini kamati yake ikauliza, tutajuaje kwamba haya ni maneno ya wanawake wenyewe na si ya Imali anayekaa hapa na kupiga taipu? Wanataka kitu cha kuonyesha. Nikakuandikia tena: saini kwa anayejua kuandika, na alama za vidole gumba kwa wengine, basi, mrudishe haraka.

Na hapo, dada yangu, ndipo mlipokwenda kwa naibu wa chifu.

Najua kwa nini. Mtu mwingine huku hatanielewa, lakini mimi najua. Kwetu karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Ng'ombe haendi mnadani bila muhuri, mtoto haendi shule ya mbali bila barua yenye muhuri, hata marehemu tunamwombea kibali. Mliona aibu kwamba maneno yenu yataingia mbele ya mataifa yakiwa na madoa ya vidole tu, kama ya watu waliokamatwa. Mkataka yavae vizuri. Mkavaa leso za kikundi, mkaenda ofisini kuomba muhuri.

Umenisimulia mwenyewe katika ile barua iliyokuja na karatasi yenye muhuri, na ulisimulia kwa furaha. Naibu aliwakaribisha, akawapa benchi. Shemeji Wamukoya alikuwa ameketi pembeni, "kwa bahati", uliandika. Dada, hukushangaa hiyo bahati? Naibu akaisoma karatasi yenu, akaikunja, akauliza:

"Akina mama, hii kalatasi inaenda mbali sana. Mtu akienda kwa wageni, anaanzanga na nini?"

Mkajibu, "Anaanzanga na asante."

"Sasa mbona nyinyi mmeanza na kulia?"

Mkacheka. Ulisema hata wewe ulicheka, ukaona ni kweli, kwamba mmekosa adabu. Naibu akasema, "Basi tuweke asante mbele, ombi lifuate nyuma. Mwalimu ataandika kwa Kizungu kizuri. Nyinyi wekeni vidole, mimi naweka muhuri, kazi kwisha."

Mama Rukia peke yake ndiye aliyeuliza, "Na lile ombi, litakuwa kalatasi gani?"

"Kalatasi ya pili, mama. Hii ya kwanza ni ya kubisha hodi."

Nawaelewa, na naumia zaidi kwa kuwaelewa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ukienda kuomba mbegu kwa jirani, unaanza na habari ya kuku wake, ya shamba lake, unamshukuru kwa mwaka jana, na lililokuleta unalitoa ukiwa umeshasimama kuondoka. Yule mtu alijua hivyo. Aliijua adabu yenu, akaifanya kamba ya kuwafunga. Karatasi ya pili haikuandikwa mpaka leo, wala haikukusudiwa kuandikwa.

Sasa sikia kilichoandikwa kwenye ile ya kubisha hodi. Mwalimu aliisoma kwa Kizungu, kisha akawasomea kwa Kiswahili, ukaniambia ilikuwa tamu. Aliwasomea nusu. Mimi nakutafsiria yote:

"Sisi wanawake wa eneo la miwa tunatoa shukrani zetu za dhati. Kilimo cha miwa kimeinua hali yetu. Waume zetu hutushirikisha katika kila uamuzi wa shamba. Tunaomba kilimo hiki kipanuliwe zaidi, hata katika vile vipande vidogo vya ardhi karibu na makao ambavyo hadi sasa havijatumika ipasavyo."

Nekesa, msomee tena hiyo sentensi ya mwisho.

Vipande vidogo karibu na makao. Havijatumika ipasavyo. Hicho ni kishamba chako, Peris. Wewe na wenzako mmeomba kwa vidole vyenu, mbele ya mataifa yote, kwamba kilimwe miwa. Na kidole cha kwanza ni chako, kikubwa, kimekaa vizuri, hata lile kovu la panga linaonekana.

Nilipoisoma nilikwenda moja kwa moja kwa Lotte. Nilimkuta anatabasamu, karatasi nyingine kama hiyo mkononi, kwa sababu mlituma nakala mbili. Alikuwa anaupapasa ule muhuri wa zambarau kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Nikamwambia haya si maneno ya akina mama.

"Vidole ni vya nani?" akauliza.

"Ni vyao."

"Muhuri ni wa bandia?"

"Hapana."

"Imali, wewe umetoka kwenu siku nyingi. Pengine mambo yamebadilika, pengine wao wanaona faida usiyoiona wewe. Mimi sitakuwa mzungu wa kuwaambia wanawake wa Afrika waseme nini."

Nikamwambia karatasi ya kwanza ndiyo yao. Akasema ile haina alama yoyote, imeandikwa kwa penseli, mtu yeyote angeweza kuiandika, hata mimi. Nikamwambia kwamba aliyeweka muhuri ndiye anayesaidia wanaume kuandikisha mashamba. Akaniuliza kama nina ushahidi. Nikasema ninamjua. Akasema kumjua mtu si ushahidi. Halafu akanimiminia chai, dada. Akanimiminia chai na kuniambia anaona jinsi jambo hili lilivyonigusa.

Nilimwomba basi tuache kabisa, tusipeleke lolote. Lakini siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupokea taarifa, na kamati ilikuwa imeshaahidi "sauti za wanawake wa mashambani". Akaniambia niipige taipu upya iwe safi. Nikamwambia apige mwenyewe. Akapiga mwenyewe, kwa vidole viwili, mimi nimesimama dirishani nimempa mgongo. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kufungua bahasha na kubandika stempu, na watu wa kamati hunisalimia kwa upole kama mgonjwa. Nawe sikukuandikia wakati ule, kwa aibu, na hilo nakiri.

Mkutano ulipofika nilikwenda, kwa kuwa kibali cha kuingia nilikuwa nacho. Niliiona pale mezani, imepangwa na nyingine, nyeupe, ina nambari juu. Muhuri wa naibu haumo, kwa maana wao huandika upya kila kitu. Ile nambari ndiyo muhuri wao. Watu walikuwa wakipita na vikombe vya kahawa, wakichukua karatasi moja huku, moja kule. Karibu na vikombe kulikuwa na sukari katika vifuko vidogo vya karatasi, na mjumbe mmoja alirarua kifuko, akatia nusu, nusu akaiacha imwagike kwenye meza. Sijui kwa nini nililitazama jambo hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa nafikiria mgongo wako.

Siku iliyofuata mama mmoja wa ujumbe wa nchi yetu alisimama kusema. Alisema vizuri, ana sauti ya kanisani. Akafika mahali akaiinua karatasi yenu juu. Akasema wanawake wenyewe wa maeneo ya miwa wameandika, tena bila kusukumwa na mtu, na wanaomba kilimo hiki kipanuliwe. Ukumbi ukatikisa vichwa kukubali. Lotte alinigeukia akanishika mkono kwa furaha. Shirika letu halijawahi kutajwa ukumbini namna hiyo.

Nilimfuata yule mama kwenye ukumbi wa kahawa. Aliposikia natoka Khayega alinikumbatia, akaniuliza ninapataje unga huku. Nikamwambia nanunua wa njano, kama ule wa mwaka wa njaa, nasonga obusuma bw'omuzungu, ugali wa mzungu. Tukacheka. Halafu nikamweleza habari yote, ya penseli, ya naibu, ya kishamba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Dada yangu," akasema, "mama yangu mzazi anapalilianga miwa mpaka leo, na hajawahi kushika hata barua ya malipo. Unafikiri mimi sijui?"

"Sasa mbona umesoma ile?"

"Nimesoma ile iko mezani. Ile yako ya penseli iko na nambari?"

"Haina."

"Basi haiko."

Akanipigapiga begani, akarudi ndani. Sikumchukia. Ni mtu wa kwanza katika jambo hili lote aliyeniambia ukweli.

Azimio lilipita mwishoni mwa mkutano. Ndani yake kuna mstari mmoja unaohimiza familia za vijijini kutumia kila ardhi kwa mazao ya kuuza, "kwa kuzingatia matakwa ya wanawake wenyewe." Lotte aliupigia mstari huo kwa kalamu nyekundu, akaubandika ukutani ofisini. Nikiinua kichwa ninauona. Hivyo naibu aliposema kwenye baraza kwamba mataifa yamewasikia, hakudanganya. Uliniandikia maneno yake mwenyewe: "Wanawake wameomba, dunia imekubali, sasa nani atasema trakta imewaonea?" Wewe uliniuliza ana maana gani. Dada, ulifikiri anasema juu ya mashamba ya nani?

Sitakudanganya kwamba karatasi yenu ya penseli ingesimama mbele ya trakta. Pengine ingekaa mezani, mtu akaiwekea kikombe. Karatasi nyingi huishia hivyo, na nyingi kati yake ni za kweli. Lakini ingekuwa imekaa pale ikisema kweli. Mtu akija miaka mingi baadaye kutafuta wanawake wa miwa walisema nini, angewakuta nyinyi. Sasa atamkuta naibu wa chifu amevaa leso ya kikundi.

Nilimwomba Lotte tupeleke nyingine mwaka ujao, yenye vidole, bila muhuri wa mtu. Akasema mwaka ujao wanazungumza jambo jingine, na tena wanawake wa miwa tumeshawasikiliza. Alisema hivyo kwa upole.

Nina hasira, Peris. Nina hasira na yule naibu, na mwalimu aliyewasomea nusu, na Lotte na chai yake. Nina hasira na wewe pia kwa kucheka pale kwenye benchi, halafu nakukumbuka ulivyo unapocheka, mkono mdomoni, na hasira inaniishia. Kwa mumeo haijaniisha. Alikuwa ameketi pembeni. Aliisikia yote, kwa Kizungu na kwa Kiswahili, na Kizungu anakijua. Akakutazama ukiweka kidole.

Umesema kimelimwa tu, na mbegu ya miwa italetwa mvua ikishika. Basi kabla haijaletwa, waite akina mama wote, mwende na mashina ya viazi, mpande. Udongo umeshalainishwa, amewafanyia kazi nusu. Akitaka aving'oe, aving'oe mwenyewe, mchana, watoto wakimtazama. Najua ni rahisi kusema hivi nikiwa huku mbali na wewe ndiye utakayelala naye nyumba moja. Lakini mimi nimejaribu njia ndefu mpaka mwisho wake, na hakuna kitu huko. Kwa mama kule Khayega utapata viazi vya kubeba, shamba hutapata, kwa sababu hata hilo analolima si lake, ni la kaka yetu, na kaka yetu naye nasikia ameanza kuuliza bei ya mbegu ya miwa.

Nisalimie mama sana, mwambie nimepata soksi za sufu za magoti yake, nitazituma na mtu. Msalimie kaka, na mwambie ninauliza anatarajia mama ale nini. Mama Rukia mpe salaam aleikum yangu, na mwambie swali lake lilikuwa ndilo swali. Laiti mngelirudia wote pamoja. Mchungaji nisalimie. Nekesa, usiache shule, hata wakikuambia mwandiko wako unatosha. Na shemeji Wamukoya, nimesikia ana baiskeli mpya. Salamu zake sina.

Sasa lile la pili, la nakala ya kutia kwenye fremu. Nimekaa nayo mezani tangu Ijumaa. Nilitaka kuichana, halafu nikaona si yangu, ina jina lako, tena limeandikwa sawasawa bila kosa, na si wanawake wengi wa kwetu walioandikwa majina sawasawa mahali popote. Kwa hiyo naituma, iko ndani ya bahasha hii. Lakini igeuze nyuma. Huko nyuma nimenakili kwa mkono wangu, kwa wino usiofutika, yale maneno yenu ya penseli, yote, kutoka "Sisi tunalimanga" mpaka kidole cha mwanamke wa hiyo nyumba. Chini nimeacha nafasi. Chovyeni vidole vyenu katika tope la pale kishambani, muweke, wewe wa kwanza, na msimpelekee mtu yeyote apige kitu juu yake.

Halafu itie kwenye fremu, dada, uitundike pale karibu na picha ya harusi, upande wenye nambari ukitazama ukuta.

Ni mimi mdogo wako,
Imali.